Mwisho wa Kirusi

Watu wa Moscow walipenda kulia, na mwongozaji filamu Yevlampi Savvich Zherebtsov aliwaliza kwa miaka tisa. Kila filamu yake ilikuwa na miisho miwili: mmoja wa nyumbani, ambapo mtu hufa, na mmoja wa kuuzwa ng'ambo, ambapo watu walewale huoana. Wanunuzi wa Paris hawakutaka maiti. Watazamaji wa Moscow wasipoiona maiti, walipiga miluzi na kugonga viti.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1919. Mapinduzi yalikuwa yamechukua studio, makaa, hata mlinzi wa getini. Mikanda mitupu ya kupigia picha haikuja tena kutoka nje, kwa hiyo filamu za zamani zilitumbukizwa kwenye mapipa ya maji moto yenye magadi, zikasuguliwa hadi picha zikatoka, ukabaki utepe mtupu wa kutengenezea nyingine. Siku hiyo ilifika zamu ya filamu yake ya mwisho. Agizo la kamati lilikuwa fupi: harusi ibaki, ionyeshwe viwandani; kifo kioshwe.

Katika mwisho wa kifo, mwigizaji Glafira Ozerova alitembea bila koti juu ya mto ulioganda, akaenda, akaenda, mpaka akawa nukta. Wiki mbili baadaye kichomi kilimuua kweli. Nakala nyingine zote za filamu hiyo ziliteketea ghalani.

"Tunaosha ipi?" aliuliza Pelageya, mkata mikanda, mikono imebabuka kwa magadi.

"Soma lebo."

"Lebo uliandika wewe, na mwandiko wako ni wa kuku aliyelewa."

"Basi lete, nitaosha mwenyewe."

"Wewe? Hujaosha hata soksi tangu mkeo akukimbie!"

Yevlampi alichukua mkanda wa harusi, akauinua kwenye mwanga hafifu wa paa la kioo. Glafira alikuwa ndani ya shela, akicheka mdomo umefumbwa, kama alivyofanya kila jino lilipomsumbua. Alikuwa mzuri mno. Mkono wa Yevlampi ulikaa hewani muda mrefu. Kisha akautumbukiza mkanda pipani.

Pelageya alichungulia pipani. "Mama yangu! Hiyo si harusi?"

"Ndiyo."

"Watakufukuza! Mkate wako wa mgao utaota mbawa."

"Sugua, Pelageya."

Walisugua. Rogova alipoingia, utepe ulikuwa umeanikwa kambani, mweupe kama maji. Zamani alikuwa mshonaji wa mavazi hapohapo studioni. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati. Alitazama kamba, akatazama kopo la mkanda lililobaki mezani, akaelewa.

"Shela ile niliishona mimi," alisema. "Siku nne."

"Nakumbuka, Ndugu Rogova."

"Kesho asubuhi simama kikaoni, useme umechanganya makopo. Omba radhi. Nitakutetea, ubaki na kazi."

"Sikuchanganya."

"Yevlampi Savvich, watu wanazika watoto wao waliokufa kwa homa na njaa. Nilitaka wapate saa moja ya harusi. Wewe unataka walie nini tena?"

"Watalia wakiwa pamoja, kwenye viti, gizani. Nyumbani kila mmoja analia peke yake."

Rogova alisogea karibu, sauti ikashuka. "Na Glafira? Ulimpeleka barafuni mara tatu. Mimi ndiye niliyeshika koti lake, nikahesabu. Midomo ilikuwa ya buluu, nawe unapiga kelele, 'Tena!' Hata yeye humwombi radhi?"

Pelageya aliacha kufuta mikono. Yevlampi alilishika kopo lenye ule mto ulioganda, akalikumbatia kifuani.

"Mara ya kwanza aligeuka nyuma," alisema. "Mara ya pili alijikwaa. Ya tatu ndiyo hii."

"Sikukuuliza hayo. Nijibu."

"Siombi radhi. Si kwenu, na si kwake."