Jioni Mika Alipoiacha Dar

Redio ambayo Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, aliupa ushirika wa kahawa ilikaa ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mika. Mkutano ulimchagua yeye kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Mkutano huohuo ulibishana mpaka watu wakasahau kukamua ng'ombe: jioni kisikilizwe kituo gani? Vijana walitaka Nairobi, kwa muziki. Wanawake waliotoka Kilimanjaro walitaka Dar es Salaam, kwa sababu saa ile Dar ilisoma matangazo ya vifo. Anande, mama yake Bariki, muuza vitambaa kutoka Machame aliyeolewa hapa Meru, alisimama akasema, "Muziki hautanizikia baba yangu." Ikapitishwa Dar.

Jumanne moja ya masika, mvua ikiwa imewazuia watu majumbani, Mika alikuwa peke yake akiitafuta Dar, mshale ukapita Nairobi, akasikia kwaya. Mkono ukasimama wenyewe. Hakuwahi kusikia sauti nzito za wanaume zikibeba wimbo namna ile. "Ubeti mmoja tu," alijiambia. "Ni sifa za Mungu, si dansi." Wimbo ukaisha, ukaja mwingine.

Kisioki, fundi wa baiskeli, akachungulia dirishani. "Mzee Mika, leo Dar imeokoka?"

"Dar haishiki," akajibu Mika. "Si unaona mvua hii?"

Uongo ulimtoka laini, kana kwamba ameuzoea.

Alhamisi mtu alishuka kwenye basi la Moshi na habari. Baba yake Anande alikuwa amezikwa jana yake, kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Tangazo lilisomwa Dar, Jumanne jioni. Ndugu walimsubiri binti mkubwa aje atie udongo, wakasubiri mpaka jua likaanza kushuka, kisha wakafukia.

Mika hakugusa chakula. Mkewe, Ruth, alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, akaenda kupiga magoti kwenye migomba. Aliomba, lakini kila alipofumba macho aliisikia ile kwaya, na kilichomtisha zaidi ni kwamba bado aliipenda.

Jumamosi watu walikusanyika kwa Anande kwa maombi. Yeye mwenyewe alimpokea Mika mlangoni, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia hulali. Usijilaumu, mvua ni ya Mungu. Ingia utuombee."

"Marahaba, mama," alisema Mika, akaingia.

Alisimama katikati ya chumba, akaanza Baba Yetu, wote wakamfuata. Walipofika kwenye kusamehewa makosa sauti yake ilikatika. Watu wakadhani ni uchungu wa msiba. Ruth akamvuta koti aketi. Hakuketi.

"Mama Bariki," alisema, "Dar ilikuwa inashika. Mimi ndiye niliyeiacha. Nilikuwa nasikiliza kwaya ya Nairobi."

Kisioki alianza kucheka, akatazama nyuso za watu, akanyamaza.

Anande aliinyoosha kanga magotini mwake. Halafu akauliza, "Wimbo gani?"

"Wa sifa. Sikuwahi kuusikia kabla."

"Umeushika?"

"Nimeushika."

"Basi uimbe. Nami nisikie kilichonizuia kumtilia baba udongo."

"Mama Bariki, nakuomba..."

"Imba, mzee."

Akaimba. Katika nyumba zile mtu akianzisha wimbo, wengine huingia bila kuombwa, kila mmoja kwa sauti yake. Siku ile hakuingia mtu, hata Ruth. Sauti ya Mika ilikwenda peke yake, ikipanda pale ilipopaswa kupanda, nyembamba, ikitetemeka. Alipomaliza ubeti alivua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza mbele ya Anande.

Anande hakuutazama.

"Kuna ubeti mwingine?"

"Upo."

"Endelea."