Ladina na Simu ya Lifti

Ladina alipoanza uanagenzi ofisini kwetu mwezi wa nane, simu ikilia tu, yeye anainuka kwenda chooni. Alikuwa na miaka kumi na sita, ametoka kijiji cha juu kabisa milimani. Kwenye kompyuta alikuwa mwepesi kuliko sisi sote, lakini simu ilimtoa jasho. Siku mbili kwa wiki alikuwa shuleni. Siku tatu zilizobaki alikuwa wangu.

Kampuni yetu hapa Chur, Uswisi, inatunza lifti. Nimeendesha ofisi hii miaka ishirini na sita, na mwezi wa kwanza mwakani nilitakiwa kulazwa nibadilishiwe nyonga. Bwana Tschudi, bosi wetu, alikuwa ameshaajiri wazoefu watatu mfululizo wa kunishikia nafasi, na kila mmoja aliondoka kabla hajajua faili ziko wapi. Kuchukua mwanagenzi lilikuwa wazo langu, ndiyo maana sikuwa na raha. Simu ikilia, nilimtazama yeye.

"Regula, muda wa majaribio unaisha Ijumaa," bosi aliniambia Jumatatu. "Binti yako anaogopa simu. Sasa hapa atafanya nini, atumwagilie maua?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Nimekupa tangu mwezi wa nane, mama."

Kesho yake nilikwenda posta. Niliporudi nilimkuta Ladina amesimama, simu ya dharura ya watu waliokwama kwenye lifti sikioni, anaizunguka meza.

"Kuku kumi na wawili, Bwana Caflisch? Na jogoo je? Aa, huyo ni mkorofi." Sauti ilimtetemeka, lakini hakunyamaza. "Kaa chini, uegemee ukuta. Mimi siendi popote."

Nikanyoosha mkono nipokee simu. Akatikisa kichwa, akanisogezea karatasi. Alikuwa ameandika: *Mzee, yuko peke yake, lifti imekwama kati ya ghorofa. Beat amefika, chumba cha mashine kimefungwa. Faili inasema ufunguo uko kwa mwangalizi wa jengo. Hakuna mwangalizi.*

Beat ndiye fundi wetu. Na mwangalizi alikuwa amestaafu tangu majira ya kuchipua. Ufunguo ulikuwa kwa mwokaji mikate wa ghorofa ya chini. Nilijua, kwa sababu niliupeleka mwenyewe, wala sikuandika popote.

Nikampigia Beat kwa simu nyingine. Baada ya dakika sita nilisikia mlango wa lifti ukifunguka kwenye simu ya Ladina, na mzee akisema, "Binti, uje uchukue mayai." Ladina akaweka simu chini, akaketi, akalia kidogo, kisha akajipangusa kwa mkono wa sweta.

Yule mzee alikaa ndani dakika arobaini. Nusu yake ilikuwa kosa langu. Sikuweza kutulia, nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena, mwishowe nikaingia kwa bosi nikamweleza yote, pamoja na habari ya ufunguo. Alisikiliza bila kunikatiza, akamwita Ladina.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Ila yeye aliogopa zaidi."

Bosi akasaini aendelee na uanagenzi siku hiyohiyo, bila kungoja Ijumaa.

Jioni, tukifunga madirisha, Ladina aliniuliza, "Bi Regula, kuna mambo mangapi mengine unayoyajua wewe tu?"

Hakuwa ananisuta. Alitaka kujua. Nilianza kuhesabu kichwani nikaingiwa na hofu.

Kuyaandika yote kulituchukua wiki saba. Alinifuata na daftari akiuliza kila kitu: kwa nini mteja huyu hapigiwi simu asubuhi, nani ana msimbo wa geti la shule. Mara nyingine nilimjibu kwa ukali, maana maswali yake yalionyesha wapi sikuwa na sababu yoyote, nilifanya tu kwa mazoea. Kufika Krismasi kila jengo lilikuwa na ukurasa wake kwenye kompyuta, na Beat alikuwa akiusoma kwenye simu yake kabla hajawasha gari.

Baada ya upasuaji nilikaa nje ya kazi wiki nane. Nikiwa kitandani nilishika simu kila saa, nikingoja Ladina aulize jambo. Alipiga mara moja tu, kunijulia hali.

"Na ofisini?" nikamuuliza.

"Tuko sawa. Bosi anatafuta mwanagenzi wa pili. Anasema nimfundishe kupokea simu." Akacheka. "Subiri kidogo, Bi Regula, laini nyingine inalia."