Mdundo wa Wepukhulu

Kwa miaka sita Mutanu na Wepukhulu walicheza roki pamoja, Mutanu gitaa, Wepukhulu dramu, katika ukumbi wa kanisa moja huko Gatina. Mchungaji aliwaachia ukumbi huo Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Siku nyingine za wiki Mutanu alishona sare za shule sokoni Kawangware, na Wepukhulu alichomelea mageti.

Wepukhulu alikuwa na mdundo unaochelewa. Si sana, ila kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Mutanu alijifunza kumngoja: aligusa uzi, akaiacha noti ining'inie mpaka dramu ifike. Watu walimsifu kwa huzuni iliyo kwenye gitaa lake. Kumbe ilikuwa ni kule kungoja tu.

Prodyuza mmoja, Gachanja, aliwasikia kwenye shoo ndogo akawaita studio yake, chumba kimoja Olympic, upande wa Kibera, kilichozungushiwa magodoro ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Mutanu kwamba anajaza noti nyingi mno, akamtaka atoe nyuzi mbili za juu acheze na zilizobaki. Mutanu alinuna wiki nzima. Kisha alisikiliza rekodi, akaona kwamba kwa mara ya kwanza anausikia wimbo wake mwenyewe. Tangu siku hiyo alimwamini Gachanja kwa kila kitu.

Jumatano moja mchana Gachanja alimwita peke yake, akamchezea wimbo. Dramu ilikuwa imenyooka kama rula.

"Huyu si Wepukhulu," Mutanu alisema.

"Ni kompyuta. Nilijaribu kuunyoosha mdundo wa Wepukhulu, wimbo ukaharibika. Redio haingojei mtu, Mutanu."

Sasa noti za Mutanu zilizongoja ndizo zilizosikika kama makosa, na Gachanja alitaka azirudie. Mutanu alifikiria kumpigia Wepukhulu simu kwanza. Alichomeka gitaa badala yake. Mara ya tano aliingiana na mashine. Jumamosi, Wepukhulu alipouliza wimbo umefika wapi, alimwambia bado unashughulikiwa.

Wimbo ulitoka Machi, redio zikaucheza. Wepukhulu aliusikia kazini, wenzake wakimpa mkono wa hongera. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha alijua kwamba dramu ile si yake. Siku hiyo hiyo alifika sokoni kwa Mutanu, akamsalimu Kasyoka, mshonaji mwenzake Mutanu, kisha akauliza taratibu:

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukacheza juu yake."

Hakungoja jibu. Kwa miezi mitano hakukanyaga ukumbini.

Mutanu alijaribu wapiga dramu wengine. Watu walipiga makofi, lakini yeye alishuka jukwaani kila mara akijihisi ameongea na mtu asiyemsikiliza. Alipomwomba Gachanja rekodi za zamani, zenye dramu ya Wepukhulu, alikuta zimeshafutwa. Gachanja alimwomba msamaha, na alionekana kumaanisha.

Agosti Mutanu alienda pale Wepukhulu anapochomelea, akasimama pembeni hadi alipovua miwani ya kazi.

"Nilitaka kukupigia simu siku ile," alimwambia. "Niliogopa ungekataa, halafu nikose wimbo. Nimekukosea."

Wepukhulu alipangusa mikono. Kisha alisema atakuja Jumamosi, na Gachanja naye aje na maikrofoni zake, warekodi upya.

Walikutana watatu. Wepukhulu alihesabu hadi nne, wakaanza. Mutanu aligusa uzi, akaiacha noti ining'inie, lakini dramu ilikuwa imeshafika na kumpita. Alidhani amekosea. Walianza tena, ikawa vile vile: kila pigo mahali pake, bila kuchelewa hata chembe. Gachanja aliinama kwenye kompyuta, akasema hapa hakuna cha kunyoosha.

Wepukhulu alieleza bila kujigamba. Kila jioni, miezi yote mitano, alikuwa amevaa spika masikioni, simu ikimhesabia midundo, akipiga kwenye tairi kuukuu hadi vidole vikafa ganzi.

"Sikutaka mtu aniache nje tena," alisema.

Mutanu alimsifu, na sifa ilikuwa ya haki. Kisha akamwuliza kama anaweza kucheza jinsi alivyokuwa akicheza zamani.

Wepukhulu alijaribu. Alichelewesha pigo moja, la pili, la tatu, lakini ilikuwa kama mtu anayejifanya kilema. Yeye mwenyewe ndiye aliyeacha, akaziweka fimbo juu ya mapaja.

"Siipati," alisema. "Sijui niliifanyaje. Sikujua kama nilikuwa naifanya."

Gachanja alijishughulisha na nyaya zake, hakuinua uso.

Wakarekodi hivyo hivyo. Mutanu aliharakisha noti zake ili zisibaki nyuma. Walipomaliza, Wepukhulu aliuliza kama imetoka poa, akimtazama yeye, si Gachanja. Mutanu alimwambia imetoka poa.

Wepukhulu akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Machi, akaanza kufungasha dramu.