Sahihi ya Chabane

Mwaka 1970 Chamsia alitoka Mutsamudu hadi Moroni kuomba kibali cha kumfuata mumewe, Chabane, fundi cherehani wa Dar es Salaam. Karani wa uhamiaji aliisoma hati ya ndoa ya kadhi mara mbili.

"Siku ya ndoa mumeo alikuwa wapi, bibi?"

"Huko huko Dar es Salaam. Kaka yake alisimama kama wakili wake, akaikubali ndoa kwa niaba yake."

"Fomu inataka sahihi ya bwana harusi mwenyewe."

"Lakini mbele ya Mungu mimi ni mkewe."

"Sibishi, bibi. Basi aje, mfunge ndoa upya."

"Hana karatasi za ukaazi; akitoka kule hataruhusiwa kurudi."

Karani alimrudishia hati kwa upole, na upole ule ukamuuma kuliko ukali. Chamsia akaikunja, akasema ahsante, akatoka.