Chumba Kilichoitwa Stoo

Tulikuwa tumeshaanza kula pale mteja alipoinunua meza. Baba mkwe aliingia kutoka dukani uso umemng'aa, akapiga makofi mawili, nasi tukajua la kufanya. Kila mtu akanyanyua sahani yake. Mume wangu akashika upande mmoja, baba yake upande wa pili, na meza ikatoka mlangoni huku mama mkwe akiifuata kwa kitambaa, anafuta mchuzi na kutembea kwa wakati mmoja. Sisi tukamalizia sakafuni. Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kushika kijiko, hata hakushangaa.

Huko ndiko nilikoolewa: duka la samani mbele, vyumba vitatu nyuma, na mlango mmoja katikati usiofungwa. Kila tulichokikalia kilikuwa cha kuuza. Kila tulichokilalia pia. Na vyote vilivaa nailoni ya kiwandani, ole wake atakayeibandua. "Nailoni ndiyo upya wa kitu," baba mkwe alikuwa akisema. Mtaani walimwita Bwana Nailoni, naye alilipenda jina hilo kupita lake la kuzaliwa. Kitanda changu cha harusi kiliuzwa kabla sijakizoea. Kikaja kingine, nacho kikaenda. Usiku ukijigeuza godoro linapiga kelele, na nyumba nzima inajua umejigeuza. Wakati wa joto unaamka mgongo umelowa kama mtu aliyetoka kuoga. Nguo zangu zilikaa ndani ya sanduku, maana kabati lingeweza kuondoka asubuhi na jioni ukawa huna pa kuzitundika.

Ukipenda boga penda na ua lake, waliniambia wakubwa zangu siku ninaolewa. Haya, mimi boga nililipenda kweli. Hilo ua lililofungwa nailoni hakuna aliyenitajia.

Siku moja nilimpeleka binti yangu kwa jirani. Akakaa kwenye kochi la watu, akalipapasa, akauliza, "Hili bei gani?" Wote wakacheka, nami nikacheka, halafu nikaenda chooni kwa jirani nikalia. Ndiyo siku niliyoanza kutafuta njia ya kutoka.

Njia ikaja yenyewe. Baba mkwe alitaka kufungua duka la pili, katika mji wa safari ya nusu siku, na huko angetuweka mimi na mume wangu. Tulikwenda kuliona. Nyuma yake palikuwa na vyumba viwili na kiuwanja cha kuanikia nguo. Dirisha la chumba kimoja lilitazamana na ukuta wa jirani, hapakuwa na cha kuona, lakini mimi nilisimama pale nikachagua pa kuweka kitanda. Kitanda changu. Nilimwambia mume wangu: huku, baba watoto, duka liwe duka na nyumba iwe nyumba. Akasema, "Tutaona." Tutaona ya mume wangu ni ndugu wa toka nitoke wa hapana, lakini siku ile niliisikia kama ndiyo.

Kilichobaki ni mkopo. Benki ilitaka hesabu za duka zilizopitiwa na mhasibu, na mhasibu akaja: bwana mwembamba mwenye mafua, leso mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Siku ya kwanza alihesabu vitu vya mbele tu. Akapiga chafya, akasema havifiki. Kwa mkopo mkubwa kiasi kile, benki ingetaka kuona bidhaa nyingi zaidi.

"Nyuma vipo vingine," baba mkwe akasema. "Vitanda, makabati, makochi. Chungu nzima."

"Nyuma si ndiko mnakoishi, mzee?"

"Tunaishi ndiyo. Kwani tukiishi navyo vinaacha kuwa vyangu?"

Mhasibu akaketi. Nilikuwa nimemletea chai, nikabaki pale na sinia. "Mzee," akasema, "kwenye hesabu, wewe na duka lako ni watu wawili."

"Watu wawili! Duka nimelizaa mimi!"

"Hata mtoto umemzaa wewe, lakini shati lake si lako. Cha duka ni cha duka. Ukikitumia nyumbani, umekitoa dukani. Mimi nakiandika kwamba mwenye duka kakichukua, kwa bei uliyokinunulia, na mtaji wako unapungua kiasi hicho. Hakirudi tena kuwa bidhaa."

"Na nisipokitumia?"

"Hapo ni bidhaa."

"Basi," akasema baba mkwe, akajipiga paja, "kule nyuma ni stoo. Njoo kesho uhesabu."

Mhasibu akamtazama, akafuta pua, akasema atakuja. Nami nikaondoka na sinia tupu, moyo unanienda mbio kwa furaha. Ndiyo, furaha. Nilielewa vizuri sana kilichokuwa kinatakiwa: ili niondoke katika nyumba ile, ilibidi ionekane kwamba sijawahi kuishi humo.

Kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko zote nilizowahi kufanya pale. Nilitia shuka na mito kwenye magunia nikayapeleka kwa jirani, na binti yangu nikampeleka huko huko. Nikatoa misumari ya kutundikia taulo, nikaziba matundu kwa sabuni. Nikaosha nailoni za vitanda vyote, nikazikausha, nikabandika vibandiko vya bei. Mama mkwe alinisaidia. Yeye alikuwa ameolewa pale msichana, akazaa pale, akalelea pale. Kutwa tulikuwa pamoja, jikoni na uani, tukisengenya wateja na kuchekana. Wanaume walikuwa mbele, sisi tulikuwa na maisha yetu ya nyuma. Siku ile tu ndiyo hatukuchekana. Nilidhani amechoka.

Kesho yake mhasibu akaja. Akapita chumba cha kwanza, akaandika. Cha pili, akaandika. Katika chumba changu akasimama muda mrefu. Aliinama juu ya kitanda, akaweka kiganja katikati ya godoro, pale palipobonyea, akapitisha kidole kwenye nailoni iliyokuwa imefifia kwa kulaliwa. Nikajilaumu kwamba sikuligeuza lile godoro.

"Mnalala wapi, mzee?"

"Tunalala."

"Wapi?"

"Chini. Kwenye mikeka. Sisi watu wa kawaida bwana, hatuna makuu."

Mume wangu akakohoa. Mhasibu hakucheka. "Kanuni yangu ni hii," akasema. "Nikiwa na shaka, naandika kidogo, siandiki kikubwa. Hapa nina shaka. Lakini nikiambiwa na mwenye chumba kwamba havitumiki, nitalichukua neno lake, nitaliandika, na atatia sahihi." Akanigeukia. "Dada, kitanda hiki kinalaliwa?"

Wote wakanitazama. Mume wangu alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. *Hakilaliwi.* Nilikuwa nimelala juu yake na homa, nimelia juu yake, mwanangu alikuwa amepigia hapo hatua zake za kwanza akiwa ameshika ukingo wake, na nilikuwa tayari kabisa kuyafuta yote kwa neno moja. Nisingeona haya. Mtu aliyefungiwa ndani haulizi ufunguo umetoka mfuko wa nani. Nikafungua mdomo.

"Kinalaliwa," akasema mama mkwe.

Alikuwa mlangoni. Sikumsikia akija.

"Kinalaliwa kila siku. Na changu pia. Na makochi tunakaa. Andika, mwanangu."

"Mama yako anachanganya mambo," baba mkwe akamwambia mume wangu kwa haraka, kana kwamba mkewe hayupo.

"Sichanganyi. Umri wangu wote nimelala kwenye mali ya dukani. Jana nilisikia toka nyuma kuna kanuni kwamba kitu ukikitumia ni chako. Kweli au si kweli?"

"Si chako hasa, Mama," mhasibu akasema taratibu. "Ila si cha duka tena."

"Inanitosha."

Kalamu ikaanza kwenda. Nilisikia kila mstari unavyopigwa, na kila mstari ulikuwa unanikata mimi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia yule mama, nyamaza, tafadhali, nyamaza kidogo tu, nitoke. Sikusema. Mkwe hamkatizi mama mkwe mbele ya mgeni. Hata pale nilipokuwa nazama, adabu ilinishika ulimi.

Mkopo haukutoka. Baba mkwe hakumgusa mkewe wala hakumpigia kelele. Alinijia mimi jikoni, akaniuliza, "Ni wewe uliyemfundisha?" Nikaapa. Hakuamini. Mume wangu akaninunia mpaka mwezi ukaandama, naye alikuwa shahidi kwamba sikutamka kitu. Lile duka la pili akalichukua mtu mwingine, akaweka mashine za kusaga.

Tumebaki. Baba mkwe ameshafariki, duka ni la mume wangu, na mimi ndiye ninayekaa kaunta. Mhasibu yule bado anakuja kila mwaka na mafua yake. Mwaka fulani nilimwuliza, hivi hesabu zote hizi unaziandika ukitegemea nini? Akaniambia zinaandikwa kwa kuchukulia kwamba biashara itaendelea tu, haifungwi leo wala kesho. Nikamwuliza, na watu wake je? Akafikiri kwa dhati, maskini, akasema watu hawamo kwenye kanuni hiyo.

Lakini kuna jioni ile ile ya siku ya hesabu, ambayo sijamsimulia mtu.

Wanaume walikuwa wametoka kwenda kuisema hasira yao kwingine. Nilipita mlangoni kwa mama mkwe, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na kisu cha jikoni. "Shika huku," akaniambia. Nilikuwa nimekusudia kutozungumza naye tena maisha, lakini mikono yangu ilikuwa imezoea kumtii. Nikashika. Akachana nailoni toka kichwani hadi miguuni, tukaivuta, ikatoka na vumbi lake. Chini yake kitambaa cha godoro kilikuwa cha buluu, chenye maua. Akakipapasa, akavua viatu, akalala, shavu juu ya yale maua, uso akauelekeza ukutani.

"Ulitaka kuondoka," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Jana nilikusikia ukiosha hizi nailoni. Ulikuwa unaimba. Tangu uje hapa sijakusikia ukiimba."

Machozi yakanijaa. "Sasa mbona ulisema? Kama ulijua, mbona ulisema?"

Akapitisha kidole juu ya ua moja la kile kitambaa.

"Mngeondoka," akasema, "mimi ningebaki na nani humu?"

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa na haki yangu yote, na sikujua nianzie wapi. Akajisogeza ukutani, akapigapiga godoro kwa kiganja, pale alipoacha nafasi. Nikasimama kidogo. Kisha, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, nikalala kando yake.