Swali la Hiari

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa bado giza, na mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda akisugua viatu. Nilijifanya nimelala. Mtu wa kucheka hata usingizini, asubuhi ya harusi yake yuko kimya! Sikujua niombe nini.

Tulikuwa tukiishi pamoja bila ndoa ya kanisa tangu kabla binti yetu hajazaliwa. Kila Jumapili wenzetu walipokwenda kupokea komunyo, sisi tulibaki kwenye benchi, tukikunja miguu wapite. Mimi ndiye niliyesema, basi, tufunge ndoa. Naye akajibu, "Haya, mama," kama mtu aliyeulizwa kama aongezewe chai.

Paroko alituhoji mmoja mmoja, ndio utaratibu. Mume wangu alipoulizwa kama anaoa kwa hiari yake, alijibu, "Hiari gani, Padri? Nimeburutwa kama mbuzi!"

Mafundi wenzake wa kuchomelea vyuma wangegaragara kwa kicheko. Paroko aliweka kalamu chini, akaniita ndani.

"Wanangu, ndoa hii siifungi mimi. Mnafungishana wenyewe, mimi ni shahidi tu. Nami siwezi kushuhudia mtu akiburutwa."

Tarehe ikafutwa. Nyumbani nilimkalisha.

"Nimekuburuta?"

"Wewe nawe! Mdomo uliniponyoka."

"Sikuulizia mdomo."

Kesho yake alitoka karakana na masizi yake usoni, akaenda kwa paroko peke yake. Hakuniambia walichoongea. Tarehe mpya ikatangazwa, nami nikabaki na swali langu kama mwiba wa samaki: hujui umeumeza au umekukwama. Altareni sikutaka kusimama na mtu aliyekuja kunionea huruma.

Kanisani binti yetu aligoma kukaa na bibi yake. Alikuja akasimama katikati yetu, amemshika baba yake kidole. Padri akauliza: tumekuja kwa hiari yetu, bila kushurutishwa? Mimi nilijibu upesi. Kisha kanisa zima, maana lilimjua, likatega masikio kusubiri kichekesho. Wifi yangu alikwisha kuziba mdomo kwa kanga.

Mume wangu alijibu:

"Ndiyo, Padri. Kwa hiari yangu."

Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, si kwenye raha, si kwenye ugomvi. Binti yetu aliinua uso, akanitazama kwa mshangao.

"Mama, baba anatetemeka."