Mdomo wa Lusubilo Kwenye Bango la Nanyala

Kufikia saa tatu asubuhi Lusubilo alikuwa ameshakwangua meno sita. Alisimama juu ya ngazi, kifua kimeegemea bango kubwa la barabarani pale Nanyala, akitumia kipande cha panga. Chini, mkewe Ferista alishikilia ngazi kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umevunjika na kufungwa hogo la plasta.

"Shavu linasemaje?" Ferista aliuliza.

Lusubilo alijipapasa. "La kushoto limeshuka. La kulia bado linacheka."

Uso uliokuwa kwenye bango ni wake. Mwezi wa nne alinunua pikipiki kwenye duka moja jipya la Tunduma. Wakamvisha shada, wakamkabidhi ufunguo, wakamwomba acheke apigwe picha. Alicheka kwa moyo, maana siku hiyo alikuwa na furaha kweli. Wakaikuza ile picha, wakaiweka hapa kwao, na chini yake wakaandika: UKIPANDA, UTAFURAHI. Tangu picha ile ilipopigwa, tabasamu halikutoka tena usoni pake. Alilala nalo, akaamka nalo. Kwenye msiba wa mjomba wake, mchungaji alimwomba akae nyuma, naye akaenda kukaa nyuma.

Siku ya kumi na nane tangu ainunue pikipiki, shokapu ya mbele ilikatika mteremkoni, akiwa amempakia Ferista. Lusubilo akaenda dukani kulalamika. Imelda, dada wa huduma kwa wateja, alimpa kiti na maji, akafungua fomu. Kitu cha kwanza kujazwa kilikuwa hali ya mteja. Imelda akamtazama usoni, akaandika: ameridhika.

"Dada, mke wangu amevunjika mkono."

"Pole sana, baba. Ila mteja aliyeridhika hatuwezi kumpokelea malalamiko. Mimi naandika ninachokiona."

Kwenye benchi la ukutani walikaa wateja wengine saba, wote wanatabasamu. Mmoja alikuwa na magongo. Walisogea wakampa nafasi.

Baadaye aligundua kwamba akikwangua mdomo wa bango, wa kwake hulegea. Watu wa duka hawakumzuia. Picha ni yetu, walisema, mdomo ni wako. Shida ilikuwa umande. Kila alfajiri uliuotesha mdomo upya, kwa hiyo ilibidi aumalize wote na afike Tunduma siku hiyohiyo, kabla duka halijafungwa. Mdomo ulikuwa na upana wa hatua nne. Hii ilikuwa siku ya tisa ya kujaribu.

Anania, jirani yao wa shamba la juu, alikuja na begi kusubiri gari.

"Baba Sekela, unajinyoa huko juu?"

"Unakwenda wapi, Anania?"

"Si unajua. Nakutazama hapo tangu mwezi wa nne, na mimi nimejipanga."

"Usiinunue. Zile pikipiki zinakatika. Mwangalie mama Sekela."

Anania akauangalia mkono wa Ferista, kisha akainua macho kwa Lusubilo. Nusu ya uso ilikuwa imelegea, nusu inang'aa.

"Bwana wewe una utani. Aliyeumizwa na chombo hachekelei hivyo."

"Anakwambia kweli, shemeji," Ferista alisema.

"Mnataka mbaki wenyewe tu kwenye bango," alijibu Anania. Kosta ikasimama, akapanda.

Lusubilo aliongeza kasi. Saa tisa yalibaki meno matano. Ferista alipiga hesabu ya njia, akasema hata wakiondoka sasa watakuta pamefungwa. Lusubilo aliendelea kukwangua, kwa kuwa mkono ulishazoea.

Saa kumi na moja Anania alitokea upande wa Mlowo juu ya pikipiki nyekundu, shada shingoni. Akawapita. Aliburuza miguu vumbini mpaka chombo kikasimama mbali, akageuka na kurudi akikikokota. Alikuwa anatabasamu.

"Breki hazishiki," alisema. "Mlowo nimesimamishwa na rundo la magunia. Nikampigia yule dada wa dukani simu ya video. Kaniangalia usoni, kaniambia hongera, baba."

"Acha kwanza kucheka," Ferista alimwambia.

"Nimejaribu, mama Sekela."

Juu ya bango, pembeni ya uso wa Lusubilo, picha ya pili ilianza kujitokeza polepole kama unyevu ukutani. Lilitangulia shada, kikafuata kidevu. Mdomo wa Anania ulikuwa mpana kuliko wa kwanza. Lusubilo alishuka, wakasubiri wote watatu mpaka ukakamilika.

Gari dogo likasimama. Mwanamume na mkewe walishuka, wakazitazama zile nyuso, kisha wakawatazama wenyewe pale chini.

"Ndizo pikipiki zenyewe hizi?" mwanamume aliuliza.

"Msinunue, ndugu zangu," Anania alisema. "Leo nusura nife."

Mwanamke akacheka naye, akamshukuru kwa ukarimu, akanakili namba ya simu iliyoandikwa chini ya bango. Wakaondoka.

Lusubilo alifuta panga kwenye nyasi. Mwanga ulikuwa umepungua na meno matatu yalikuwa bado. Akailaza ngazi mtaroni, wakakubaliana na Anania kwamba kesho waanze mapema, saa kumi na mbili.